Tokyo, meza moja na roboti

Kutoka stesheni ya Shimbashi nilipanda Yurikamome, treni inayovuka ghuba kwenda Odaiba, kisiwa cha kutengenezwa na watu. Haina dereva tangu ilipoanza mwaka 1995, na pale mbele ambapo dereva angekaa pamewekwa viti vya abiria. Hakuna anayeiita roboti. Imezoeleka kwa sababu haimdai abiria ujuzi wowote: mlango unafunguka, unaingia, unakaa.

Nilishuka stesheni ya Telecom Center nikatembea hadi Miraikan, makumbusho ya sayansi ambako roboti za nyumbani zinashikwa kwa mikono. Paro ni roboti wa umbo la sili, mnyama wa baharini, mweupe, wa kilo 2.7, karibu uzito wa mtoto mchanga, kwa hiyo mikono inajua yenyewe namna ya kumpakata. Takanori Shibata, aliyembuni, alijaribu paka kwanza. Watu wakamlinganisha na paka wao wa kweli, wakaona kasoro tupu. Sili je, nani amewahi kumfuga? Hakuna cha kumlinganisha nacho. Manyoya yake yametiwa dawa ya kuzuia bakteria, maana katika vituo vya kutunzia wazee anapita mapajani mwa wengi, na chaja yake ina umbo la chuchu bandia ya mtoto: unamtia mdomoni, na hata mwenye kusahau sana anaelewa kwamba analishwa.

Lovot, roboti jirani yake, ana zaidi ya kilo 4 na mwili wenye joto. Ukimnyanyua, magurudumu yanajificha ndani ya mwili ili yasichafue nguo. Haongei, na naona huo ni uamuzi bora kuliko yote aliyofanyiwa. Tofauti naye, roboti Pepper, mwenye sentimita 120 na mikono ya kibinadamu, alionekana kama mtu wa kuzungumza naye. Watu wakatarajia mazungumzo ambayo programu yake haikuyaweza. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020.

Nilirudi mjini, Nihonbashi, kwenye mkahawa wa DAWN uliofunguliwa mwaka 2021. Juu ya meza kuna roboti OriHime, wa sentimita 23 hivi, na anayeongea kupitia kwake ni mtu halisi aliye nyumbani kwake. Baadhi ya waendeshaji hao hawawezi kutoka kitandani. Wapo wanaomwendesha kwa macho tu. Uso wa OriHime umefuata vinyago vya Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, haucheki wala haununi. Ungechongwa tabasamu la kudumu, ungemsingizia mwenye sauti siku anapokuwa na huzuni. Dakika chache tu, na unasahau plastiki.

Chakula cha jioni nilikula Gusto, mgahawa wa kifamilia unaohudumiwa na BellaBot, roboti wa kubeba sahani mwenye sura ya paka. Ana trei nne, kila moja ya kilo 10. Anasimama ubavuni mwa meza na mteja anajitolea sahani mwenyewe, kwa sababu hana mikono. Sura ile ya paka inamfanya mtu asimtarajie afanye zaidi. Matatizo yake yako sakafuni: mkoba uliotupwa njiani, kiti kilichosukumwa nyuma, kizingiti, kioo kinachopitisha miale ya kitambuzi chake, kitambaa cheusi kinachoimeza. Mwenye mgahawa anayemtaka BellaBot aanze kwa kupima njia kati ya meza wateja wakiwa wameketi. Vipimo vya ukumbi mtupu vitamdanganya.