Nyumba ya Misimu Minne

Nyumba ya wazee wangu, iliyo katika kijiji kimoja cha ndani katika Wilaya ya Wete, Pemba, ina umri wa misimu minne ya karafuu, na mtu anayejua kuisoma anaweza kuutaja kila msimu kwa kutazama kuta zake. Msingi wa mawe ni wa msimu nilipokuwa darasa la tano. Matofali ya chini, ambayo sasa yameota ukungu wa kijani kwa mvua, ni ya msimu wa pili. Yale yaliyo juu ya madirisha yana rangi tofauti kwa sababu mchanga wake ulitoka sehemu nyengine, na hayo ni ya msimu wa tatu. Mabati ya vyumba viwili ni ya msimu wa nne. Chumba cha tatu hakina paa mpaka leo.

Nimeanza na nyumba kwa sababu wageni wanaokuja kijijini kutoka Unguja, na hata ndugu zetu waliozaliwa mjini, huuliza swali lile lile: inakuwaje watu wenye zao lenye bei kama karafuu waishi katika nyumba zisizokwisha? Jawabu ni kwamba mkarafuu hauzai kwa kiasi kimoja kila mwaka. Huzaa kwa wingi mara moja katika miaka mitatu au minne, na katikati yake hupita miaka ambayo kinachopatikana hakizidi sana ujira wa kukichuma. Mtu wa mshahara hupanga mambo yake kwa mwezi, nasi hupanga kwa msimu ambao hatujui utaingia lini.

Zao lenyewe lilituangukia kwa namna ya pekee. Karafuu zilianza kustawi Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya huko na kuiacha ya Pemba imesimama. Tokea hapo kisiwa chetu, chenye vilima, mabonde na mvua nyingi kuliko Unguja, ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Unapoingia msimu mkubwa, kijiji hubadilika mpaka mgeni akadhani amepotea njia. Wachumaji huja kutoka kila upande, skuli hubaki na watoto wachache, na harusi zote huahirishwa. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, linapoanza kuwa jekundu. Likishafunguka, thamani yake imekwenda. Mchumaji hupanda na pakacha na kamba, akayavuta matawi ya mbali badala ya kuyaendea, kwa kuwa tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika na halitoi onyo. Ami yangu alianguka nilipokuwa mdogo na hakupanda tena. Tangu siku hiyo kazi yake ni kukaa chini na kupima karafuu kwa pishi, yaani kipimo cha ujazo, kazi ambayo huifanya kwa ukali unaowaudhi wachumaji wote.

Sehemu niipendayo mimi ni usiku. Baada ya sala ya Isha hukaa wanawake, watoto na wazee kulizunguka rundo la karafuu mbichi, na kuanza kuchambua. Shada hushikwa kwa mkono mmoja na kusokotwa juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikaanguka upande huu na makonyo, yaani vijiti vilivyozishika, yakatupwa upande ule. Mama hafumbi mdomo muda wote huo, wala mikono yake haipungui kasi. Makonyo nayo hayapotei, kwani huanikwa na kuuzwa ili yakamuliwe mafuta katika kiwanda kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake. Harufu ile ambayo watalii huisifu, kwetu ni ukali unaoingia kwenye ngozi ya vidole. Ukila kwa mkono usiku ule bila ya kunawa vizuri, ulimi hufa ganzi na huonji chumvi wala nazi.

Kisha huja majamvi ya kuanikia. Karafuu huhitaji jua la siku tatu mpaka tano, na katika muda huo uzito wake hushuka mpaka kubaki kama thuluthi moja. Zikipata jua zuri hutoka zikiwa na rangi ya kahawia iliyoiva na huvunjika kwa sauti. Zikilowana na kurundikwa, huvunda na kupauka, na hakuna dawa ya kuzirejesha. Katika msimu wetu wa tatu mvua ya vuli ilishuka alasiri tukiwa wote msibani kijiji cha pili. Tulirudi mbio, lakini majamvi mawili yalikuwa yameshageuka vidimbwi. Katika kituo cha kuuzia karafuu zilipokewa kwa daraja la chini, na mtu aliyezipima, ambaye simtaji, hakuinua hata macho kumtazama mzee alipomsemesha. Ndiyo maana matofali ya msimu ule yaliishia juu ya madirisha.

Wengi wasiokuwa wa huku hawajui pia kwamba mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilipewa eka tatu tatu za kulima, lakini miti iliyopandwa na mababu katika viambo, yaani makazi ya ukoo, vya zamani imeendelea kurithiwa peke yake, mti kwa mti. Mkarafuu ulio karibu na kisima aliuacha bibi yangu. Kwa mujibu wa mirathi, baba ana nusu yake na shangazi zangu wawili wana robo moja moja, basi katika kila pishi nne, mbili huwa za baba na moja moja za dada zake. Mkarafuu mmoja mkubwa unaweza kuishi umri wa watu wawili, na kila maziko huongeza wenyewe. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka miwili kwa mti ambao miaka yote hiyo miwili haukuzaa.

Lakini karafuu hazipikwi. Kinachotulisha ni muhogo wa mlimani, majimbi, ndizi na mpunga wa bondeni, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake, ambao hawatajwi inapozungumzwa utajiri wa Pemba. Mpunga unapoanza kutia punje, watoto hukaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti, tangu alfajiri kuamia (kufukuza) ndege, na nilipokuwa mimi juu ya dungu hilo nilijua kila tusi ambalo ndege anaweza kutukanwa. Upande wa pwani mambo ni mazito zaidi, kwani katika vijiji kadhaa vya Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, na bonde lililokwishakunywa bahari halikubali mbegu.

Barabara nitaitaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu anaijua hadithi yake. Bodaboda hufika mpaka chini ya mlima wetu wakati wa kiangazi. Masika udongo ule mwekundu ukilowa, hata ng'ombe huteleza. Dada yangu alipokuwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza alibebwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume sita waliokuwa wakipokezana mpaka barabara ya lami. Mtoto huyo sasa yuko darasa la saba, na watu wangali wanapanda na kushuka mlima ule ule.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama wazee. Nilimkuta baba akipanda miche ya mikarafuu katikati ya migomba ili ipate kivuli, miche ambayo haitamzalia kitu kabla ya miaka sita au saba. Nilimwambia kwamba nimeweka akiba kidogo na ningeweza kununua mabati ya chumba cha tatu bila ya kungoja msimu. Alinyamaza akimaliza kukanyaga udongo kwa unyayo, kisha akasema, "Pesa zako, mwanangu, mnunulie mama yako majamvi mapya, haya yametoboka." Nikamuuliza chumba je. Akayainua macho kuitazama mikarafuu iliyo juu ya kisima, akahesabu kitu kwa vidole, asinijibu.

Majamvi nimeyanunua. Chumba cha tatu kwa sasa wanalala kuku.