Mbuzi hakutupatanisha na majeshi, daftari limetupatanisha

Kila nikisema kwamba kikundi chetu cha askari wa akiba huku Hindi, Lamu, kinapiga doria na majeshi bila kununiana, mtu hunijibu papo hapo: "Basi mliwachinjia mbuzi." Ushauri huo nimeusikia kwa wazee, nimeusikia barazani, na nimeusikia kwa watu wa semina waliotoka mbali. Kaeni nao, kuleni nao, nyoyo zitalainika. Na kweli tulichinja, beberu aliyenona, akina mama wakapika pilau toka alfajiri. Majeshi wakaja, wakala, wakashukuru kwa adabu. Haukupita muda kikosi kile kikahamishwa, kikaja kingine, na vijana wetu wakasimamishwa kizuizini, wakalazwa kifudifudi barabarani, bunduki zao za serikali zikanyakuliwa kana kwamba wameziiba. Pilau yetu haikuwa imeandikwa popote.

Nilikasirika sana siku ile, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nifikiri. Majeshi huhama, sisi hatuhami. Kila kikosi kipya kinatukuta sisi wale wale, lakini kwake sisi ni wageni wenye silaha. Urafiki wote uliojengwa unapanda lori na wale wanaoondoka.

Kwa wasiotujua: sisi ni polisi wa akiba, NPR (National Police Reserve), ingawa wengi bado hutuita KPR (Kenya Police Reserve), jina la tangu 1948. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inatutambua kama watu wa kujitolea. Mimi nilijitolea baada ya Hindi kushambuliwa Julai 2014, wiki chache tu baada ya watu zaidi ya 60 kuuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Nina shamba la simsim na mikorosho. Nikitoka doria narudi kupalilia. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza Septemba 2015 wanajeshi waliongezeka sana upande wetu, na tangu hapo tumekuwa tukikanyaga njia moja nao, wao kwa amri ya makamanda wao, sisi kwa amri ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Hapo pana ugomvi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Luteni akikwambia nenda kulia na OCS amekwambia ubaki kizuizini, utamtii nani? Sheria ni wazi kwamba mkubwa wetu ni polisi, lakini huku msituni mwenye gari la deraya ndiye mwenye sauti.

Manung'uniko yapo pande zote na nitayasema yote. Sisi tunaona mwenzetu ana mshahara, ana hospitali, na akifa jeneza lake linafunikwa bendera, ilhali sisi tumezoea kutoka na viatu vyetu wenyewe na shamba linaliwa na nyani. Wao wanaona mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi, hana sare kamili, jioni anarudi kwa mkewe, na ana binamu katika kila kijiji. Wanajiuliza siri za doria zinaishia wapi. Nawaelewa. Tangu mabomu ya kutegwa yalipozidi barabarani mwaka 2017, askari aliyempoteza mwenzake ndani ya lori hamwamini hata mti. Lakini mtu wa kwanza kuona kwamba udongo wa barabara umechimbuliwa na kufukiwa ni yule anayepita hapo kila siku na punda wake. Huyo ni sisi.

Basi nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Nikaanza kuandika mimi mwenyewe: majina ya maziwa ya maji ya mvua, vichochoro vya ng'ombe, mbuyu gani una pango, wapi gari hukwama masika. Nikampelekea luteni mmoja aliyekuwa ameingia karibuni. Akalifungua, akalifunga, akanirudishia. Alikuwa na ramani yake. Sikumlaumu. Mwandiko wa mkulima una uzito gani kwake?

Nikaliweka, nikasubiri siku yake.

Siku hiyo ilikuja upande wa Bargoni. Doria ya pamoja, nyayo za watu kadhaa zikiingia msituni, na mbele kidogo jivu la moto. Luteni alikuwa tayari kuomba nguvu zaidi na kuufunga msitu wote ule. Ukifungwa, Waboni, wenyeji wa msitu huo, hawaendi kutafuta asali na sisi hatufiki mashambani, labda msimu mzima. Katika kikundi chetu tuna mzee Mboni, mtu wa maneno machache. Nikamsogelea sajini wa kikosi, mtu mzima wa rika langu, nikamwambia: "Afande, mpe mzee wangu dakika chache kabla redio haijasema kitu." Akamwombea kwa luteni.

Mzee hakutazama jivu kwanza. Alichuchumaa kwenye nyayo, akaonyesha vitobo vidogo vidogo juu yake: matone ya umande yaliyodondoka kutoka kwenye majani. Walipita usiku, akasema, umande ukawadondokea nyuma. Kisha akanyoosha kidole juu ya mti, gome limechubuliwa na mtu aliyepanda. Chini yake, katikati ya majani, akaokota kibonge cha nta iliyotafunwa na kutemwa, akambonyezesha sajini kwa kidole aone ilivyo laini. Akatupeleka kwenye nyayo za kurudi, visigino vimezama zaidi kuliko vya kwenda, wamebeba mzigo. Na pembeni ya nyayo kubwa, mguu wa mtoto. "Mtu anayeenda vitani," akasema, "hamchukui mwanawe akawashe moto chini ya mzinga." Tukazifuata mpaka kijijini. Asali ilikuwa bado inachujwa.

Luteni alinyamaza njia nzima. Mimi pia sikusema neno, maana nilijua kinachofuata si maneno. Jioni nilimfuata sajini na daftari langu, na hapa ndipo ninapojisifu bila haya: sikumwomba alisome. Nilimwomba aandike. "Afande, andika ulichokiona leo, kwa mkono wako, kwa namna yenu ya kuandika ripoti, uweke namba yako na sahihi." Akaandika ukurasa mzima na ushee. Akaongeza kwa hiari yake mchoro wa njia na namba za ramani kando ya majina yetu ya kienyeji. Askari huamini mwandiko wa askari. Kikosi kile kilipohama, daftari lilikabidhiwa kamanda mpya pamoja na vitu vingine vya kambi, na ukurasa wa kwanza alioufungua ulikuwa wa mwenzake.

Siku ya pili yule kamanda mpya alituita tukajipange, akapita mbele yetu mmoja mmoja akiwa na daftari mkononi, akalinganisha sura na picha zetu tulizobandika humo. Picha zile zilipigwa mjini Amu, tukachanga. Pamoja na karatasi za plastiki hazikuzidi elfu mbili hivi. Kando ya kila picha kuna namba ya bunduki kama ilivyo kwenye kitabu cha polisi, na muhuri wa OCS. Muhuri usiuache. Bila huo ugomvi wa nani anatoa amri utarudi, kwa hiyo ukurasa wa pili unaeleza wazi kwamba akiba wakihitajika, OCS anapigiwa kwanza.

Jambo moja ambalo watu wa vikundi vingine huniuliza na nawajibu kwa ukali: daftari halilali nyumbani kwa mtu. Likiangukia mikono ya Al-Shabaab ni orodha ya watu wa kuchinjwa. Linakaa kwenye kabati la silaha, na majina kamili hayamo, namba tu. Mwenye kutaka jina aulize kituoni.

Tena msiache kuandika mabaya. Kijana wetu mmoja alichelewa doria kwa sababu ya mavuno, ikaandikwa. Askari mmoja alimpiga kofi mtu wetu, nayo ikaandikwa, na mkubwa wake akatia sahihi. Wazee walitaka nilifute hilo la kofi ili amani isiharibike. Nilikataa, na nitakataa tena. Vijana wangu walipoona kwamba kofi limeandikwa mahali pale pale ulipoandikwa uchelewaji wao, ndipo walipoacha kusema daftari ni la majeshi.

Posho bado ni kilio chetu, na daftari haliwezi kulipa mtu. Lakini sasa siku za doria za kila mmoja zimeandikwa na kusainiwa na pande mbili. Orodha hiyo nimeshaipeleka kwa OCS na nakala kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, na mwezi ujao narudi kuulizia jibu.