Jinsi nilivyoacha kupekua simu ya mke wangu

Tulihamia ukweni kwa miezi 3 tu, tukakaa miaka 2. Nyumba kubwa, kila kitu tele, nami nikawa kama mgeni asiyejua kuaga. Mke wangu akiteta na mama yake jikoni, moyoni najua nasemwa mimi na mshahara wangu. Nikaanza kupekua simu yake usiku. Siku moja nikakuta pesa kutoka kwa baba mkwe. Nikawaka.

Kumbe ni za kulipia deni langu. Aliziomba kimya kimya ili nisiaibike. Aibu niliyoipata hapo, acha tu!

Nikaomba radhi, lakini radhi peke yake haikutosha. Tukakubaliana: msaada wowote wa wazazi wake niambiwe kabla haujapokelewa, na bili ya umeme nilipe mimi. Mzee alikataa katakata. Nikashikilia, kwa adabu, hadi akacheka na kunikabidhi.

Baada ya miezi 7 tulipanga vyumba viwili. Bomba linavuja. Juzi mke wangu amebadilisha nywila ya simu, sijamuuliza.