Nyumba za miaka kumi ndani ya bustani ya umma

Jumapili, usiku

Leo mawazo yangu yamekaa Catford, kusini-mashariki mwa London, kwenye vijumba vya paa bapa vya mtaa wa Excalibur, nyumba za muda zilizotengenezwa kiwandani vipande vipande na kuunganishwa papo hapo. Vilikuwa 187, vikasimamishwa mwaka 1945 na 1946 na wafungwa wa kivita wa Kijerumani na Kiitaliano. Kiwanja chake kilimegwa kutoka Forster Memorial Park, bustani ambayo Lord Forster aliutolea umma kuwakumbuka wanawe wawili waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa nini bustani? Serikali kuu ilileta nyumba, halmashauri ikatakiwa kutoa ardhi, barabara, maji na bomba la maji taka. Bustani ilikuwa tayari mali ya umma: hakuna kununua, hakuna kifusi cha mabomu cha kuzoa, na mabomba makuu yako barabarani karibu. Wenyeji waliambiwa nyumba zitakaa miaka 10 hivi, kisha zitaondoka. Chini ya sheria ya nyumba za muda ya mwaka 1944, hadi 1949 zilikuwa zimesimama zaidi ya 156,000 nchi nzima.

Kinachonivutia zaidi ni ukuta mmoja. Jiko na bafu vilipeana mgongo, na katikati yao likaja fungu zima lililotoka kiwandani likiwa limekamilika: sinki, jiko la kupikia, friji, pipa la kuchemshia nguo, mabomba na tangi la maji moto. Maji yalipashwa na boila iliyokaa nyuma ya meko ya sebuleni, na hewa ya moto ikapelekwa vyumbani kwa mifereji. Fundi bomba alikuwa na viungo vichache tu vya kufunga. Fikiria familia iliyokuwa ikioga kwenye beseni mbele ya moto na kwenda chooni uani, leo inafungua bomba la maji moto ndani, na ina friji wakati majirani wengi wa nyumba za matofali hawajapata kuwa nayo. Ndiyo maana watu walizipenda hivyo. Nafasi yote ilikuwa kama mita za mraba 59, vyumba viwili vya kulala, na kipande cha ardhi cha kupanda viazi na maua.

Aina ya alumini ilitengenezwa na viwanda vya ndege vilivyobaki bila kazi vita vilipoisha. Ilifika kwa lori katika vipande vinne, kila kimoja upana wa mita 2.3 hivi ili kipite barabarani. Jamvi la zege, yaani sakafu ya msingi inayobeba nyumba, lilipaswa kuwa sawa kabisa. Likiinama kidogo tu, matundu ya bolti hayalingani, kiungo kinaachia, na mvua inajua pa kupita. Tena alumini haipatani na saruji mbichi: zikigusana penye unyevu, alumini huliwa taratibu kuanzia chini, mahali pasipoonekana.

Za Excalibur zilikuwa za fremu ya mbao na karatasi za asbesto na saruji. Adui wao mkubwa ni jasho la nyumba. Nguo zinachemka jikoni, mvuke unahamia chumbani, unakutana na kioo kimoja na fremu baridi, unageuka maji, unateremka hadi kwenye mbao za chini. Kabati likibanwa kwenye ukuta wa nje, nyuma yake kuvu inaota, kwa sababu hewa ya moto haifiki. Lisogeze upana wa kiganja. Funga mlango wa jikoni unapochemsha, fungua dirisha la juu, na uache joto dogo lisilokatika badala ya moto mkali wa saa moja. Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi ndiyo inayoharibu kabisa: lita moja ya mafuta ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji hewani.

Na hizo karatasi za asbesto, usizitoboe wala kuzipiga msasa. Zikiwa nzima na zimepakwa rangi, nyuzi zake zimefungwa. Zikivunjika, zinaingia mapafuni. Zinaloweshwa, zinafunguliwa skrubu zikiwa nzima, zinafungwa plastiki mara mbili, na kazi hiyo ni ya wenye mafunzo.

Nasikitishwa na neno “za muda”. Nyumba inayosemekana itabomolewa mwakani haibadilishiwi lami ya paa. Mwaka unapita, unakuja mwingine, paa bapa linatuama maji, kisha watu wanasema ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Si kweli. Nyingi za Excalibur zilikaliwa zaidi ya miaka 60. Sita ziliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata wakazi walipiga kura, na wengi wakakubali mtaa ujengwe upya.

Kubomoa bustanini kuna kazi moja inayosahaulika: jamvi. Kuta zinaondoka upesi. Zege lazima livunjwe, mabomba yazibwe, udongo urudishwe kwa kina cha kutosha mizizi. Likiachwa na kufunikwa udongo mwembamba, kiangazi nyasi za juu yake hukauka kwanza, na mistatili ya nyumba huonekana tena ardhini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na njia yake ya kuingilia.