Usiuze shamba kwa ajili ya sindano ya seli

Wiki hii mke wa fundi wa vioo kutoka Kariobangi alinionyesha video kwenye simu yake. "Daktari, hizi seli za kupandikiza zinaponya neva kweli? Tuuze kashamba ketu ka Kitui?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimjibu papo hapo, lakini najua wako wengine wenye swali hilohilo.

Kioo kilimkata mumewe upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kiwiko. Neva ilishonwa. Nikigonga kwa ncha ya kidole kufuata njia yake, kuna mahali anashtuka, mchonyoto unakimbilia kidole cha mwisho. Hapo ndipo nyuzi za neva zinazoota upya zimefika. Natia alama ya kalamu, na mwezi ukiisha naikuta imeshuka karibu upana wa vidole viwili. Nafurahi kila mara, kwani neva huota takriban milimita 1 tu kwa siku.

Shida ni umbali. Neva ikikatika, nyuzi za upande wa chini hufa. Seli za Schwann, zinazozizunguka nyuzi za neva na zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann, husafisha mabaki, kisha hujipanga safu ndefu ambazo nyuzi mpya huzifuata. Zikingoja miezi mingi bila kufikiwa, huchoka na kupungua. Misuli nayo, ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, hukonda na kukakamaa. Waza basi dereva wa boda aliyeng'oka neva za begani: hadi vidoleni ni zaidi ya nusu mita.

Ndiyo maana wazo la kupandikiza seli ni zuri, nami naliombea lifaulu. Katika Chuo Kikuu cha Miami, madaktari walikuza maabara seli za Schwann za wagonjwa wenyewe, wakaziweka pamoja na vipande vya neva kutoka mguuni kuziba pengo kubwa kwenye neva ya siatiki, ile nene inayopita nyuma ya paja. Ripoti ya 2017 ilihusu wagonjwa 2. Walipata nafuu, ila kwa watu 2 huwezi kujua ni seli zilizosaidia au ni vile vipande vya neva. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye mafuta na uboho, zimejaribiwa zaidi kwa panya.

Kwa hiyo mama, shamba libaki. Anayekuuzia sindano hiyo leo anakuuzia kitu ambacho bado kinachunguzwa. Pesa iwe nauli ya kuja mazoezini. Avae kile kibanio cha vidole usiku, na sufuria ya moto asiishike kwa mkono wenye ganzi.

Na wewe ambaye umekatwa leo, kidole kikifa ganzi, usikubali ngozi ishonwe urudishwe nyumbani kabla hujauliza: neva je, imekatika? Uliza siku hiyohiyo.