Unga Ulionidanganya Maabarani

Wiki iliyopita, katika maabara yetu ya madini hapa Lubumbashi, nilipima ukubwa wa chembe za sampuli moja ya unga wa malakiti (madini ya kijani yenye shaba) mara tatu kwa mashine ya leza, na mara zote tatu nikapata majibu tofauti. Mashine hiyo hupuliza unga mkavu kwa hewa yenye shinikizo ili chembe zitengane kabla ya kupita mbele ya mwale. Zikipita zikiwa zimeshikana, bonge zima huhesabiwa kuwa chembe moja kubwa.

Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu kazini aliyeizoea kazi hii kuliko mimi, aliuminya unga kwa vidole, nao ukabaki umeshikana kama unga wa bukari (ugali) ulioingiwa na unyevu. (Huu ni msimu wa mvua, na mimi nilikuwa nimeiacha chupa wazi usiku kucha.) Tuliukausha kwenye tanuri, tukauacha upoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha tukapima upya huku tukipandisha shinikizo hatua kwa hatua. Kwa shinikizo la baa 0.5 kipimo cha kati cha chembe (nusu ya unga ni chini yake, nusu juu yake) kilikuwa maikromita 61, yaani sehemu 61 za elfu za milimita. Kwa baa 2 kikashuka hadi 38, na kwa baa 3 kikawa 37. Kwa tamaa yangu nikapandisha hadi 4, kikaanguka hadi 30: sasa tulikuwa tunazivunja chembe zenyewe, na chini ya darubini tuliona kingo kali zilizomeguka upya.

Katika daftari la kazi tumeandika baa 2.5, kati ya 2 na 3 ambako kipimo kilikuwa kimetulia. Chupa nimeifunga.