Tulivyoisuka upya thrila yetu kwa sababu ya mguu mmoja

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya filamu tulipopewa kazi ya vikundi, kila kundi litoe thrila, yaani filamu ya kumweka mtu roho juu, ya dakika 6 alafu baadae lieleze filamu yake imeyaonyesha vipi makundi ya watu kwenye jamii, yaani wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu, walionacho na wasionacho. Sisi tulikuwa wanne na kiukweli hiyo sehemu ya pili tuliichukulia kama fomu ya kujaza mwishoni, akili zote zilikuwa kwenye giza, muziki na namna ya kumshtua mtu aliyekaa kwenye kiti.

Stori yenyewe nyepesi tu. Binti anasoma maktaba usiku peke yake, kadi yake ya mlangoni haionekani, hawezi kutoka, anaanza kusikia mtu anatembea nyuma ya mashelfu. Mtazamaji anaamini ni mzee wa usafi, kumbe aliyeiba kadi ni mwanafunzi mwenzie aliyekataliwa na hataki kukubali. Tulijiona tuko salama kabisa, mzee si adui, tunamtia shaka dakika 5 alafu ya 6 tunamsafisha.

Huyo mzee tukampa mguu wa kuchechemea. Hakukuwa na sababu yoyote kwenye stori, tulitaka ile sauti. Tulijifungia chumbani na kiatu kizito na mfuko wa mchanga, unagonga kishindo kimoja, unatulia, alafu unaburuta, ko... kraaa, ko... kraaa, tukarekodi mara 30 na kitu mpaka ikatoka ile inayosimamisha nywele za mkono, na mi ndo nilikuwa mtu wa sauti kwa hiyo niliipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye ile filamu.

Tukawaonyesha wenzetu kama 15 hivi, wakashtuka pale pale tulipopanga washtuke. Baada ya hapo mmoja wao, anatembea na fimbo tangu utotoni, akasubiri watu watoke, akaniambia, "Sauti mmeipatia sana. Ila mi nikipita korido usiku natoa sauti hiyo hiyo. Mmewafundisha watu 15 kuiogopa." Nikamjibu haraka haraka kwamba lakini mwisho mzee anaonekana mtu mwema. Akasema, "Mwisho nimeuona. Mwili wangu ulishatumika dakika 5 kabla ya huo mwisho." Akaondoka, na mimi nikaisikia ile fimbo yake ikiishia kwenye korido, nikabaki nimekaa.

Suluhisho letu la kwanza lilikuwa bovu, tuliandika mstari wa maneno, binti amwambie mzee "samahani, nilikuhukumu bure". Tuliuacha baada ya kukumbuka kilichoipata filamu ya The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, wanaharakati wa haki za mashoga waliandamana kuipinga kwa jinsi ilivyomchora muuaji wake, mwanaume anayetaka kuwa mwanamke, na humo ndani kabisa upo mstari wa wazi unaosema yule muuaji si mtu aliyebadili jinsia kweli. Haukusaidia. Kinachobaki kichwani mwa mtu ni alichokiona, maneno ya kujitetea yanapita.

Kwa hiyo tukarudi kwenye taimlaini, pale kwenye kompyuta vipande vya filamu vinapopangwa, na karatasi tukahesabu sekunde, kila mhusika, uso wake unaonekana muda gani na viungo vyake muda gani. Hii kazi ilituchukua jioni nzima na kama kuna kitu kimoja ningemwambia mwanafunzi yeyote afanye basi ni hiki. Uso wa binti ulikuwa na dakika 2 na sekunde 10. Uso wa mzee sekunde 3, mguu wake sekunde 19, mikono yenye glavu sekunde 8. Yaani binti alikuwa mtu na mzee alikuwa vipande, na hakuna hata mmoja kati yetu wanne aliyewahi kukaa na kuamua hivo, ilitoka tu, kila klozapu, yaani picha ya karibu kabisa, ya mguu tulivyoipiga ilionekana nzuri peke yake.

Binti nae hakusalimika. Kuna shuti, yaani kipande kimoja cha kamera, inaanzia miguuni inapanda taratibu mpaka usoni wakati yeye kasimama anatafuta kadi, mpiga kamera wetu akasema ndo staili ya thrila, na kweli ndo staili, Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliiandikia makala mwaka 1975 akieleza jinsi kamera inavyomweka mwanamke awe kitu cha kutazamwa na mtazamaji akalishwa macho ya mwanaume bila kujua. Kwenye thrila mambo yanakuwa mabaya zaidi maana anayetazama wakati ule ni anayemvizia, sasa ukimpa mtazamaji macho ya mviziaji alafu ukayafanya yafurahie, umemweka upande gani? Tukaikata. Badala yake tukaweka mikono yake ikipekua begi, daftari, chaja, mfuko wa pembeni, tena mfuko wa pembeni. Hofu ikapanda, kwa sababu sasa mtazamaji anatafuta kadi pamoja nae.

Tukaomba usiku mmoja wa kurudia. Mzee aliyeigiza ni mtu mzima anayeigiza jukwaani kwa kujitolea, hachechemei kabisa, nilipompelekea kurasa mpya akasoma akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu mnamwita mzee wa usafi mwanzo mpaka mwisho, jina lake nani?" Hatukuwa nalo. Akauliza tena, "Na usiku huo anataka nini?" Hatukuwa na jibu pia. Binti anataka kutoka, yule kijana anataka kumiliki, mzee alikuwa yupo yupo tu kama shelfu. Sikulala vizuri siku ile.

Hapo ndo kila kitu kilibadilika. Tukampa jina, na tukampa haraka, anataka amalize ghorofa ya juu awahi basi la mwisho, na amekasirika maana kuna mtu kamwaga kahawa kwenye zulia na hakusema. Aliyemwaga ni binti. Mguu tuliuacha kwa makusudi, kuufuta ingekuwa kama kusema watu wenye miguu hiyo wasionekane kabisa, ila sasa tukaonyesha mapema, kwenye taa nyeupe za kawaida, anavyopanda ngazi anavyoshika reli na ndoo, na mguu ukawa mguu tu.

Ile rekodi yangu sikuifuta pia. Hitchcock, muongozaji maarufu wa thrila, alikuwa anaeleza kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza unapata mshtuko wa sekunde chache, ila ukimwonyesha mtazamaji bomu mapema, mazungumzo ya kawaida kabisa pale mezani yanamtesa dakika 15 nzima. Sisi tulikuwa tunaficha bomu na kumtumia mzee kama moshi. Tukageuza, tukamwonyesha mtazamaji kijana akiiweka kadi mfukoni ndani ya dakika ya kwanza. Sasa mtazamaji anajua hatari iko wapi, binti hajui, anaikimbia ile ko... kraaa ambayo ndo ingemuokoa, na anakimbilia kwa kijana anayemwita kwa upole. Sauti ni ile ile, faili ni lile lile, sikugusa hata kiwango cha sauti, lakini mtu anakaa anaomba isogee karibu.

Uso wa mzee nao, zile sekunde 3 za zamani anatazama pembeni, tulikuwa tumezibandika baada ya shuti ya mkasi mezani. Tukazihamisha baada ya shuti ya saa ya ukutani na mzee akawa mchovu anayechelewa. Lev Kuleshov, muongozaji wa Kirusi, alilionyesha hili enzi za filamu bubu, uso mmoja usio na hisia unasomwa kutokana na kinachowekwa pembeni yake, nilishalijibu kwenye mtihani nikapata maksi zote na bado sikuliona kwenye kazi yangu mwenyewe.

Jambo la mwanga nilipite haraka ila msilipuuze. Binti wetu ana ngozi nyeusi sana na kwenye giza la thrila uso wake ulikuwa unapotea, yanabaki macho, wakati kijana mweupe anaonekana vizuri. Kuongeza taa kote kuliua usiku. Kilichofanya kazi ni shuka jeupe tulilolining'iniza pembeni, taa ikapigwa kwenye shuka badala ya usoni, ngozi ikashika mng'ao shavuni na kwenye paji, giza likabaki nyuma yake.

Tulipomwonyesha yule mwenzetu toleo jipya kwenye laptopu alitazama kimya, akasema imekaa vizuri ila pale mwisho mzee anapomshika binti bega na kutabasamu, "sasa mmemgeuza malaika, nayo si mimi". Hilo liliniuma kidogo lakini alikuwa sahihi, kutoka jini mpaka malaika bado si mtu. Tukatoa tabasamu. Mzee anafungua mlango kwa funguo zake, anamtazama kijana mpaka kijana anarudi nyuma, alafu anamwambia binti, "Kahawa ile ni yako?" na anachukua ndoo anaondoka, ko... kraaa, mpaka skrini inakuwa nyeusi.

Siku ya kuwasilisha darasa zima lilikuwepo. Yule mwenzetu alikaa mstari wa mbele na fimbo yake katikati ya magoti, na taa zilipowashwa swali lake ndo lilikuwa la kwanza, "Basi aliliwahi?"